Msalaba wa Mwalimu na Tairi za Inchi Kumi na Nane

Jumatatu, 7 Julai 2025

Saba Saba. Duka nimefunga. Rimu zimefika Kasulu na basi kutoka Dar, zote nne, inchi kumi na nane, zinang'aa kama sufuria mpya. Nimezifungulia chumbani nikakaa nazo. Siku kubwa.

Niandike sababu, asije mtu akasoma akadhani ni mambo ya ujana. Nina miaka thelathini na saba. Gari hili, Mark II nyeupe, niliachiwa na Mwalimu Stanislaus, aliyenifundisha darasa la sita na kunichapa kwa haki. Alipougua nilimwendesha hospitali miezi minane. Kabla hajafariki alisema gari nikae nalo, ila mkewe, Mama Josephina, akiwa na safari nimpeleke. Mwalimu amezikwa kwao, Kumsenga, kule Kibondo. Jumamosi ya tarehe 19 ni misa ya kuweka msalaba kaburini. Mama ameomba kitu kimoja tu: aende kwa mumewe na gari la mumewe. Nimemwapia.

Ndiyo maana nimelishusha. Springi nilizikata mwezi uliopita. Sasa limekaa chini kwa heshima, na zile rimu za zamani za inchi kumi na tano nimeshazigawa. Limebaki suala la tairi.

Nickson ameshatia mdomo. Huyu ni mwalimu wa hesabu kutoka Mbeya, amepanga chumba kwa Mama, na siku hizi hata bomba la maji likivuja pale anaitwa yeye, siitwi mimi. Ameziangalia rimu zangu akasema rimu ikikua, ubavu wa tairi sharti upungue, gurudumu zima libaki na kimo kilekile cha mwanzo. Akataja saizi: 215/40. Sikumwuliza.

Jumatano, 9 Julai

Gereji kwa Reverien. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, leo ni raia na ni fundi ambaye mji mzima unamtegemea. Akanieleza kwa kituo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni ubavu, yaani ile nyama kati ya rimu na barabara. Ikiwa ndogo, tairi ni nyembamba. Ikiwa kubwa, tairi inapanda juu na kugusa madigadi, yale mabati yanayolifunika gurudumu.

Kisha akasema nichukue 215/40. Nilishtuka! Nikamwuliza kama Nickson alipita hapa. Akasema hamjui huyo Nickson.

Nimechukua 215/35. Nyembamba kama mkanda. Nina kanuni moja tangu Nickson ahamie mjini: akishasema jibu, jibu ni jingine.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelipeleka gari Rungwe Mpya, likaonekane. Likaonekana kweli. Akina mama waliokuwa wanaanika mihogo walisimama. Nilipunguza mwendo wapate nafasi ya kutazama, nami nikawatazama wao, na hapo ndipo tulipokutana na shimo.

Shimo la kawaida. Ng'ombe angelivuka bila kuwaza. Rimu ya mbele imepinda, tairi mbili zimetoa nundu kama jipu. Nimerudi Kasulu polepole mno, baiskeli zikinipita. Mojawapo ilikuwa imebeba mikungu minne ya ndizi.

Jumatatu, 14 Julai

Rimu imenyooshwa. Nimejifunza: tairi ilikuwa nyembamba. Kwa hiyo nimeagiza nene, 225/45, zimekuja kutoka Kigoma. Zimejaa kwenye madigadi vizuri kabisa, kidole hakipiti. Gari linaonekana kama mtu aliyevaa koti lililomkaa.

Nimezunguka mji peke yangu saa nzima. Halijagusa kitu. Ukikata kona yote kuelekea kulia ndipo linakwaruza, lakini safari ya Kumsenga sikumbuki kona kubwa za kulia.

Reverien hakufurahi. Alichungulia chini, akajifuta mikono, akasema, "Oya, Longinus. Pakia watu kwanza, halafu upime."

Nilimjibu kuwa viti vimeshaoshwa kwa ajili ya Jumamosi. Watu wa gereji wana grisi.

Jumatano, 16 Julai

Nickson amekuja dukani na karatasi. Ameipiga hesabu yote, mstari kwa mstari, kama anasahihisha. Anasema magurudumu yangu yamezidi kimo cha zamani kwa sentimita mbili na nusu, na springi zimekatwa, na siku hiyo gari litakuwa na Mama, mdogo wake Yusta, katekista Bazilio, msalaba wenyewe, na mizigo. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi.

Nilimwambia hapa kwetu Uha tulikuwa tunasafiri kabla hajazaliwa. Akakunja karatasi, akaiacha mezani, akaaga. Ile karatasi nimeifungia karanga za mteja.

Ila kwa siri nimempelekea Reverien gari, akapiga nyundo ukingo wa madigadi kwa ndani. Tahadhari tu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeosha gari mara mbili. Nimepitia kwa Mama. Msalaba uko sebuleni, wa mninga, jina la Mwalimu limechongwa. Mama alikuwa anaupaka mafuta kwa kitambaa. Akaniambia yeye na Mwalimu wamekaa kwenye ndoa miaka thelathini na moja, na katika kiti kile cha mbele cha gari ndimo walimozungumzia kila kitu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wageni kila siku. Anataka kukaa pale mara moja zaidi.

Nilitoka nje nikasimama kidogo. Namwogopa Mungu leo kuliko siku zote. Kesho isiharibike.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa Kumsenga, nyuma ya nyumba, wengine wanakula.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama mbele, kanga nyeusi. Nyuma Yusta na Bazilio, msalaba juu ya mapaja yao. Kwenye buti mikungu ya ndizi, debe la maharage, masufuria. Nickson nyuma yetu na Probox yake, kabeba wanakwaya. Walipofunga milango, gari liliketi. Nilisikia likiketi.

Hatujamaliza mji, kwaruzo. Kila kituta, kwaruzo. Nikafungulia redio. Tulipokaribia Makere, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani na Yusta akauliza nani kasahau pasi.

Nikasimama. Ndizi na maharage zikahamia kwa Nickson. Alizipokea kwa mikono miwili! Tukaenda. Mlima uliofuata, moshi. Bazilio akahamia kwa Nickson. Tukaenda tena. Kisha Yusta, ambaye alilalamika kwa Kiha kwa muda mrefu, na ni afadhali redio ilikuwa wazi. Probox ilikuwa imejaa hadi mwanakwaya mmoja akakaa juu ya maharage.

Tukabaki Mama na mimi na msalaba. Nikasema moyoni, haya, ndivyo alivyotaka, yeye na kiti chake. Lami tukaiacha, tukashika barabara ya vumbi. Mawe, mifereji, matuta. Upande wa Mama ukaanza kusaga. Nilishuka nikatazama: bega la tairi limelika hadi nyuzi zinaonekana. Nikikaa peke yangu, linapita. Mama akikaa, linasaga. Zilibaki kama kilomita mbili.

Nickson akashuka, akasema atawaomba wanakwaya wawili watembee, Mama apande kwake. Mama akakataa. Alisema aliomba kuja na gari la Mwalimu, basi atakuja nalo. Akashuka. Akaulaza msalaba kwenye kiti chake, akaufunga mkanda. Kisha akaenda nyuma, akaweka mkono juu ya buti, akaniambia niendeshe taratibu.

Nikaendesha. Gari tupu, halikugusa kitu. Kwenye kioo nilimwona anatembea, mkono juu ya buti, kanga nyeusi ikichukua vumbi langu. Nyuma yake Probox kwa mwendo huohuo.

Watu wakaanza kutoka mashambani. Wazee wakavua kofia. Mtu wa bodaboda akazima pikipiki. Nikadhani ni rimu. Niandike ukweli: nilidhani ni rimu, nikashusha kioo nikawapungia. Hakuna aliyenipungia. Wanawake wakaingia barabarani, wakajipanga nyuma ya Mama. Nikasikia mmoja anamwuliza Bazilio ni nani tena amefariki. Kisha wakaanza wimbo wa mazishi, na kwaya ikaitikia kutoka kwenye Probox.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kumsenga. Watu zaidi ya mia moja kwa miguu, na mimi mbele yao, peke yangu garini, nimekaa.

Msalaba ukawekwa. Misa ilikuwa nzuri. Baadaye Mama alikuja nilipokuwa nimesimama karibu na gari. Vumbi lilikuwa limemfika magotini. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Alisema, "Longinus, miaka thelathini na moja Mwalimu hakuwahi kuniacha nitembee."

Akarudi kwa wageni. Nimeona haya. Sijui niandike nini zaidi. Nimeona haya.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi Kasulu peke yangu. Mama karudi na Nickson. Gari tupu lilipita kila mahali bila shida hata moja. Hili nimelitafakari njia nzima.

Jumatano, 23 Julai

Siku tatu sijafungua duka. Nimefikiri kwa uzito unaostahili.

Nimekwenda kwa Mama kuomba radhi. Alinipa chai. Akasema yamekwisha, na kwamba Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, atakwenda kaburini na basi, nisijisumbue. Nilimwelewa. Ni mama mwenye adabu, hawezi kusema wazi kwamba anangoja nilitengeneze gari vizuri.

Reverien anasema bado kuna njia: springi nzima na 215/40. Nickson anasema hivyohivyo. Watu wawili wasiojuana wanasema namba moja. Hili si bure, wameshaonana.

Kosa langu nimelipata. Nyembamba ilikuwa nyembamba mno, nene ikawa nene mno, kwa hiyo tatizo haliko kwenye tairi. Liko kwenye rimu. Nimeagiza inchi kumi na tisa. Zikifika nitazijaribu hadi Kumsenga na kurudi, mwenyewe, bila abiria wa kunichanganya, ili Novemba Mama akute kila kitu kimeshapimwa.