Mashini Inasema Lualaba Haipatikani

Kindu, 7 Mei 1975

Sitoyeni Shemeji Kakule,

Nakusalimu katika Bwana. Mugongo wako unaendelea namna gani? Huku kwetu salama, isipokuwa kazini. Ninakuandikia wewe juu uko katika komite ya Chama yenye kubadilisha majina ya kizungu, na mwezi uliopita mulibadilisha yale ya mashini ya hesabu, pale ofisi yetu ya kupima viwanja.

1. Programu ya viwanja vya Alunguli haijui hesabu yote peke yake. Ikifika kwenye hesabu ngumu, inaita kwa jina musaidizi, ni kusema programu ndogo, na mashini inamutafuta ndani ya mikanda ya sumaku ya kabatini. Karatasi moja ngumu yenye matundu njo inaionyesha mukanda gani. Wasaidizi waliitwa Gauss na Cramer. Ninyi mukawaita Lualaba na Elila, kama mito yetu, kila mahali. Tangu Jumatatu mashini inaandika tu: «Lualaba haipatikani.» Shemeji, Lualaba inapita nyuma ya ofisi! Hata kipofu wa Lokandu anaipata.

2. Mimi muliponitoa jina la Isidore, niliitika Onema siku ileile. Lakini mimi niko na masikio, tena ninaogopa. Mashini haiogopi muntu.

3. Mukubwa wangu anasema njo mimi ninaharibu kazi. Lualaba isipopatikana mpaka Ijumaa, ananituma kule mbali Tunda kupima viwanja kwa kamba. Katungu, dada yako, amekwisha kusema Tunda hafiki: atarudi kwako, yeye, mama yangu, na mbuzi watatu.

4. Kwa hiyo ninaomba kwa unyenyekevu karatasi yenye muhuri: mashini ihesabiwe mugeni, kama balozi, irudishiwe majina yake ya ubatizo. Kama Gauss na Cramer hawakubatizwa, Padri atawapokea Jumapili, kwa mulango wa nyuma.

Umusalimie Sabine, pardon, Masika, na wote wa nyumbani, hata yule jirani wa redio. Tafazali unijibu mbio.

Shemeji yako katika Kristo na katika Chama,
Onema

N.B. Mchana huu nilifungua Biblia nipate neno la kukuagia. Pale Matayo 7, «tafuteni, nanyi mutaona», nimekuta ile karatasi yenye matundu. Niliitia humo tangu Jumapili, iwe alama ya ukurasa. Nimeirudisha: Lualaba ilipatikana mara moja, Elila vilevile, viwanja vyote vimekaa sawa. Majina yenu hayana kosa. Lakini kopi ya barua hii nilipeleka asubuhi kwa prezida wa komite. Uikamate kabla hajaisoma, na unijibu leo.