Dhamana ya Miezi Kumi na Miwili

Injinia alikuwa amenyolewa nusu kichwa, nusu bado, alipogundua kwamba riziki yake ya mwezi ule imesimama nyuma ya kiti imeshika wembe.

"Saba bila," kinyozi alisema, na wembe ukatetemeka karibu na sikio la mteja.

"Saba kwa ngapi?"

"Bila! Pale banda la gemu, mtaa wa pili. Kijana niliyemnyoa tangu hana meno! Ananifunga saba, halafu anainuka ananiambia, 'Pole mzee, miaka imeenda.' Mimi mzee? Nina thelathini na nane!"

Injinia aliguna kwa huruma ya mtu aliyefiwa. Cheti cha uinjinia wake hakuna aliyewahi kukiona. Lakini na wale walioichimba barabara ya mtaa huo wakaiacha wazi mwaka wa tatu sasa nao wanaitwa mainjinia, na vyeti vyao vimetundikwa ukutani, kwa hiyo tusimwonee.

"Tatizo si miaka, kaka," alisema. "Tatizo huna mashine nyumbani. Hao wanacheza kutwa. Wewe mtu wa kazi unahitaji mazoezi ya siri. Mlango umefunga, pazia umeshusha, wiki mbili tu. Halafu unarudi pale bandani unawanyoa kavu, mmoja mmoja."

Wembe ulisimama hewani. Kinyozi alikuwa ameshajiona.

"Bei yake lakini..."

"Bei ya dukani ya nini? Kuna ofisi moja kubwa, jina silitaji. Waliagiza mashine za gemu, kwenye vitabu wakaandika ni kompyuta za mafunzo. Sasa wamesikia wakaguzi wanakuja, wanataka ziondoke kabla ya mwisho wa wiki. Usiniulize zaidi."

Kinyozi hakuuliza zaidi. Mwananchi akiambiwa kitu kimechomolewa kwa wakubwa, haoni kama ni wizi. Anaona ni mgao wake, ulichelewa tu.

Kesho yake mchana alikaa chumbani kwa Injinia, pedi mkononi, ile yenye vitufe na vijiti vya kuchezea, taa yake inawaka. Mbele yake, chini ya televisheni, kulikuwa na boksi jeusi linalong'aa, kataa ka kijani kanawaka, feni inavuma. Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya mikono ya Injinia. Boksi lilikuwa ganda tupu alilolinunua kwa fundi wa vyombo vilivyokufa. Ndani alitia feni ndogo, kataa kake, betri, na kipande cha kigae cha sakafu alichokisugua jiweni siku nzima mpaka uzito ukalingana sawasawa na wa mashine ya kweli. Nyuma ya televisheni kulikuwa na flashi imechomekwa, na ndani ya flashi kulikuwa na mechi moja tu, iliyorekodiwa. Tatu kwa moja.

Kinyozi alibonyeza kila alichokiona. Vijana wake wakapiga pasi, wakapiga chenga. Bao! La pili! Akafungwa moja, akatukana. Dakika ya sitini na saba, akiwa anafuta jasho na mkono umeachia pedi kabisa, mshambuliaji wake aliruka akapiga kichwa cha ajabu.

"Umeona?" Injinia alinong'ona. "Ukiwa na kipaji, timu inakuelewa hata ukipumzika."

"Nilikuwa nalijua hilo," kinyozi alisema, na machozi yalimlengalenga. "Nilikuwa nalijua siku zote."

Akalipa. Akapewa boksi jingine limefungwa kwa gundi ya karatasi, pamoja na hati yenye mhuri mwekundu: *Dhamana ya miezi kumi na miwili. Mashine ikigoma, tunabadilisha bila malipo.* Chini kulikuwa na namba ya simu. Ya kweli kabisa, maana Injinia aliamini kwamba mtu aliyeibiwa kwa ujinga wake hapigi simu. Anafunga mlango tu, anakaa kimya. Na kinyozi hakupiga. Alilifungua boksi nyumbani, akakitazama kigae kwa muda mrefu, akalifunga ganda na kuliweka juu ya kabati lenye kitambaa. Mkewe alipouliza mbona haichezi, alijibu kwamba inasubiri mtandao.

Sasa, usidhani Injinia hakuwa na mashine yake. Alikuwa nayo, na ndicho kitu pekee ndani ya chumba kile alichokinunua kwa pesa halali. Ilikaa chini ya kitanda imeviringishwa taulo safi kuliko lile alilojifutia yeye. Ndani yake aliishi kama meneja. Alichukua timu ya daraja la nne isiyo na mwenyewe, akaipandisha msimu baada ya msimu, miaka minane, akinunua chipukizi na kuwazeesha, mpaka mwaka huo imefika fainali ya kombe kubwa. Fainali yenyewe alikuwa hajaicheza bado. Aliiweka ya Jumapili, na shati alikwishalipiga pasi. Alikuwa ameapa mashine ile haitavuka kizingiti cha chumba chake hata nyumba ikiungua.

Jumatano simu iliita.

"Wewe ndiye Injinia wa mashine za gemu?" Sauti ya mama mtu mzima, nzito, ya kutuliza watu. "Nimepata namba yako kwa mtu uliyemuuzia. Ameridhika sana."

Hapa mtu mwingine angejiuliza. Katika kazi zake zote Injinia hakuwahi kumwona mteja aliyeridhika. Lakini sifa ni kitu kitamu hata kwa asiyestahili, waulize waheshimiwa.

"Mimi ni mkunga mstaafu," mama aliendelea. "Tuko kumi na wawili kwenye chama chetu. Kiinua mgongo tumekidai miaka sita, tunaambiwa faili limepotea, mwenye faili yuko semina. Sasa kimetoka. Daktari ametuambia tuchezeshe vidole na akili. Kwa hiyo mashine kumi na mbili, mwanangu. Moja leo, nikiridhika kumi na moja wiki ijayo."

"Njoo uone ofisini kwangu, mama."

"Na goti hili? Njoo wewe. Na nataka tucheze wawili, wewe pedi yako, mimi yangu. Nione unavyonifunga."

Injinia alikaa kitandani na kulisikia joto la kile kilichokuwa chini yake. Mechi ya kwenye flashi ilikuwa na mshindi mmoja tu, haikufaa kwa watu wawili. Alijiambia hapana. Akajiambia tena hapana. Kisha akazidisha kumi na mbili kichwani, na taulo likaanza kufunguka lenyewe.

Mpango ulikuwa mwepesi. Anaingia na mashine ya kweli ndani ya begi, pamoja na boksi la kigae lililofungwa. Wanacheza kwa ya kweli. Wakimaliza anasema, "Hii ya maonyesho narudi nayo, yako mpya hii hapa." Saa moja tu nje ya nyumba, kisha mashine inarudi kwenye taulo lake.

Nyumba ya mkunga ilikuwa safi ya kutisha. Mazulia yamenyooka, viti vimevalishwa vitambaa, ukutani saa tatu zinazosema wakati mmoja. Mama alimkaribisha kwa glasi ya maji, akamwita mwanangu mara nne kabla hajakaa.

"Hiki kinashikwaje?" aliuliza, pedi ikiwa kichwa chini.

"Geuza, mama. Hivyo. Kidole gumba hapa."

"Ee! Kinatetemeka! Kama mtoto anayeanza kuja!"

Walicheza. Mama alijifunga mwenyewe mabao mawili, akamsifu mchezaji wake kwa kupiga kwa nguvu. Akamwonea huruma refa kukimbia bila kupewa mpira hata mara moja. Injinia alicheka mpaka akasahau kwamba yuko kazini. Mara simu ya mama ikaita mezani. Aligeuka kuichukua, na bila kutazama, kidole gumba chake kikabonyeza kitufe kile kidogo cha katikati. Mchezo ukasimama palepale, mpira hewani.

Injinia aliliona hilo. Mgeni wa gemu hashiki kitufe cha kusimamisha. Mgeni huiweka pedi chini na kukuta ameshafungwa. Lakini mashine kumi na moja zilikuja zikakaa mbele ya wazo lile, na wazo likakosa pa kupita.

"Ngoja niweke chai," mama alisema, akaelekea jikoni akichechemea.

Haikupita dakika moja, televisheni ikazimika. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama.

"Hao sasa!" mama alipiga kelele toka jikoni. "Tumelipa juzi tu!"

"Watu wa umeme hawa," Injinia alisema, akisimama kwa hasira ya kweli, "wangefungwa wote!"

Na nani angembishia? Wanakata asubuhi, wanakata unapopiga pasi sare ya mtoto, wanakata mgonjwa akiwa kwenye mashine. Halafu mkuu wao anatoka redioni kusema ni matengenezo, na nyumbani kwake jenereta linavuma. Mtu aliyebaki peke yake nyumbani, chombo kikizima hana hata wa kumsingizia, isipokuwa wao.

"Mwanangu, si wewe ni injinia? Hebu niangalizie mita, iko nyuma ya nyumba. Mimi nachomoa vyombo huku, umeme ukirudi kwa kishindo usije ukatuunguzia mashine."

Angesema nini? Angesema, mama, mimi si injinia? Alitoka. Akasimama mbele ya mita, akaigonga kwa kidole, akaweka sikio, akasema "Mm" kwa sauti ili asikike ndani. Ng'ambo ya ukuta redio ya jirani ilikuwa inaimba, na friji lao likinguruma.

"Huyo ameunganishwa laini ya wakubwa," Injinia alijisemea kwa uchungu, na akaridhika na jibu lake.

Alipomaliza kugonga kila kilichogongeka, umeme ulirudi. Akaingia ndani kama aliyeurudisha yeye.

"Mungu akubariki, mwanangu. Fundi wa kweli!" Mama alikuwa amekaa palepale, nyaya zote zimechomolewa na kukunjwa vizuri kando ya mashine nyeusi. "Basi inatosha, nimeridhika. Vidole vyenyewe vimechoka."

Injinia aliinua mashine kwa mikono miwili, akaipima uzito kama mama anavyompima mtoto. Sawasawa kabisa. Akaitia begini na pedi zake, akatoa boksi lililofungwa kwa gundi, na hati mpya yenye mhuri. Mama alimpa bahasha nene. Injinia aliitia mfukoni bila kuifungua, kwa sababu ndiyo ilikuwa kanuni yake: ukihesabu mbele ya mteja, unamkumbusha na yeye kuhesabu.

"Na zile kumi na moja?" aliuliza mlangoni.

"Nitakupigia, mwanangu. Usiogope."

Nyumbani alifunga mlango, akachomeka mashine, akabonyeza. Kimya. Akaenda kuangalia swichi. Akachungulia dirishani kama jirani ana taa. Akawalaani watu wa umeme kwa ukoo wao, robo saa nzima, chini ya balbu inayowaka.

Kisha akaigeuza mashine. Kwenye matundu ya nyuma kulikuwa na vinywele. Vifupi, vyeusi, vya kunyolewa. Akaitikisa. Kigae kikagonga.

Alikaa sakafuni. Ndipo akaikumbuka bahasha. Ndani kulikuwa na vipande vya gazeti lenye picha ya mkuu wa umeme akikata utepe, na juu yake karatasi moja anayoijua, yenye mhuri wake mwekundu. *Mashine ikigoma, tunabadilisha bila malipo.* Chini ya namba yake ya simu, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza kadi za kliniki uliongeza: *Ya mkwe wangu kinyozi iligoma. Nimebadilisha. Asante.*

Kwa hiyo watu wa umeme siku ile hawakuwa na kosa. Inauma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Swichi kuu ya nyumba ile iko jikoni, juu ya birika.

Aende kituoni? Aseme nini? Kwamba alikwenda kumwuzia bibi kigae, akarudishiwa kigae?

Jumapili ilifika. Injinia alilitazama shati lile, akalivaa, maana lilikuwa limeshapigwa pasi. Wakati ambao fainali ingeanza, ujumbe uliingia kwenye simu.

*Mwanangu, tumecheza. Kombe tumechukua, kwa penalti. Mkwe wangu alilia. Kipa wako alikuwa mzito, nimemwuza.*

Aliusoma mara tatu. Kipa yule alikuwa amemlea tangu ana miaka kumi na sita.

Hatimaye aliinuka, akaliweka lile boksi jeusi la feni na kataa chini ya televisheni, akachomeka flashi, akakaa na pedi mkononi. Kataa ka kijani kaliwaka, feni ikavuma. Akabonyeza, na vijana wakapiga pasi. Bao la kwanza halikumgusa, wala la pili. Lakini ilipofika dakika ya sitini na saba, mpira ulipopigwa juu kutoka pembeni, Injinia alijisogeza ukingoni mwa kitanda, akabana pumzi, akabonyeza kwa nguvu zake zote.

"Bao!" alipiga kelele, akasimama.