Mkwe Wangu Asinifunge Jaketi

Migwani, Kitui

Kwa Ndugu Mwau,
Mwenyekiti, Kamati ya Safari ya Kanisa

Bwana asifiwe. Mimi ni Wavinya Kiilu, mama yake Kalunde wa kwaya. Nimefurahi kusikia kwamba Jumamosi akina mama tutapelekwa bwawani kupanda boti. Tangu nizaliwe, maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona pamoja ni ya tangi la shule. Nataka kwenda. Nataka sana! Lakini kuna neno.

Mmemchagua Mbithi awe msimamizi wa usalama. Mbithi ndiye aliyemwoa Kalunde wangu. Wewe ni Mkamba, nthoni unaijua: mimi na mkwe hatupeani hata mkono, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kichakani. Juzi nilichomwa na miiba kwa kumheshimu. Sasa tazama kanuni zenu:

1. Msimamizi amfunge kila abiria jaketi la kuelea, akaze mikanda, kisha avute mabegani aone kama limeshika. Avute mabega ya nani? Woi! Ya mama mkwe?

2. Viti vinatazamana, magoti kwa magoti, na hakuna kusimama wala kuhama. Njiani kuna vichaka. Katikati ya bwawa nitaingia wapi?

3. Kila mtu amtajie msimamizi uzito wake, ili boti isilalie upande mmoja. Nduku wa duka alitaja wake papo hapo, tena kwa sauti, kwa sababu ni mwembamba. Uzito wangu hata marehemu baba Kalunde alikufa bila kuujua.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu tuwe na boti mbili. Mafuta yakiwa haba, itundikwe shuka katikati. Mkisema shuka itashika upepo itupindue, basi Mbithi aketi akitazama nyuma mpaka turudi. Na hilo likiwa hatari pia, abaki ukingoni atuombee, maombi hufika popote. Nikianguka majini, asithubutu kunigusa. Aite mwanamume mwingine ambaye hajaoa kwangu.

Kalunde anasema njia rahisi ni mimi nibaki nyumbani nichemshe mahindi ya muthokoi. Hilo nimelikataa katakata, na nimeudhika. Miaka yote nimechota maji. Siku moja nami nataka kukaa juu yake nikiwa nimekunja mikono.

Msalimie mama watoto, mchungaji, wazee wa kanisa, na hata Nduku.

Ni mimi dada yako katika Bwana, mwenye kulinda heshima,
Wavinya Kiilu

N.B. Nimeulizauliza. Kumbe katika kamati nzima anayejua kuogelea ni Mbithi peke yake, nyinyi wengine mmekulia mchangani kama mimi. Tafadhali aketi kando yangu. Mikanda aikaze mpaka nikohoe. Na nikianguka, asisimame kufikiria mila, anishike popote panaposhikika. Habari ya mbuzi wa kuondoa aibu tutaongea nikishakauka.