Keki ya Zaituni na Mkebe Niliousoma Mbele Nyuma

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, nyumbani kwangu Ukunda, mkebe mkononi! Niacheni nisimulie mwenyewe kabla jirani yangu Mama Kadzo hajawafikia na yake.

Binti yangu Zaituni ametimiza miaka sita. Yeye na maziwa hawapatani hata chembe. Akionja siagi tu, midomo inafura, mwili mzima vipele, mbio hospitali Msambweni. Kwenye sherehe za wenzake yeye hukaa pembeni na ndizi yake. Mwaka huu nikaapa, wallahi, mwanangu atakula keki yake mwenyewe.

Asubuhi nikaingia dukani kusoma lebo. (Nasoma kweli. Daktari alinifundisha majina yote ambayo maziwa hujificha nayo: wei, kaseini, laktosi. Nayajua kuliko majina ya mashemeji zangu.) Msichana wa duka, mtu wa bara, akaniletea siagi.

"Mathee, chukua hii. Iko poa, kila mtu hutumia."

"Hebu igeuze. Soma maandishi yale madogo."

"Eh... maziwa ya unga."

"Ahaa! Ulitaka kuniulia mtoto?"

Nilisema kwa sauti, foleni nzima isikie. Mama mmoja nilimnyang'anya hata biskuti zake nikamsomea. (Hakuniomba.) Nikarudi nyumbani na unga, sukari na beking pauda, kifua mbele.

Mafuta sikununua, maana jikoni kulikuwa na mkebe mzima. Nikavaa miwani, nikausoma mbele nyuma. Mafuta ya mimea matupu, maziwa hakuna. Nikaupiga picha, nikairusha kwenye grupu la kina mama: "Someni lebo, wanawake wenzangu! Msilishwe vitu gizani!" Nikachota mafuta, nikayapiga na sukari, nikatia tui la nazi, nikapalia makaa juu na chini. Keki ikaumuka vizuri mno. Harufu yake sikuisikia. (Nina mafua tangu juzi, pua zimeziba. Likumbukeni hilo.)

Alasiri nyumba ikajaa. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, aliyefika jana kutoka kwao Kinango kwenye ng'ombe wake, alikaa mkekani mbele kabisa. Basi mimi nikaona keki haiwezi kukatwa bila hotuba. Nikauleta mkebe, nikauinua juu.

"Mnauona huu? Siri ya keki imo humu! Wengi wenu mnapika tu, hamsomi!"

Mavyaa akatabasamu hadi magego. Nikajisemea, leo amenikubali.

Zaituni akakata keki. Desturi yetu mkubwa hulishwa kwanza, kwa hiyo akamlisha bibi yake. Mavyaa akatafuna, akafumba macho.

"Mashallah! Umeniheshimu mbele za watu, mwanangu. Nilidhani hutaitumia."

"Nisingetumia nini, mama?"

"Samli yangu. Si hiyo uliyoishika? Niliitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta, nikampa mumeo jana aiweke jikoni."

Nikachungulia ndani ya mkebe. Nikamtazama mtoto. Zaituni ameshachukua kipande chake na mdomo ameuachama!

Jamani, niliruka! Nikamkanyaga Mama Kadzo, nikapiga teke jagi la sharubati, nikampokonya mtoto keki, ikarukia mapajani mwa mavyaa. Zaituni akaangua kilio: "Mama hataki nile keki yangu!" Nikamkagua midomo, nikamkagua vidole, nikamwosha mikono. Hakuwa ameonja. Alhamdulillahi. Nikakaa chini kwenye sharubati nikalia naye.

"Mama Zaituni," akasema Mama Kadzo akisugua mguu wake, "kwani lebo ilisemaje?"

Nyumba nzima ikacheka. Mume wangu alikuwa ameshatoweka. (Atarudi tu, chakula kiko kwangu.)

Mavyaa peke yake hakucheka. "Maziwa najua hapatani nayo," akasema kwa unyonge. "Lakini samli, mwanangu? Samli si mafuta?"

Mimi mwenye miwani nimeipika, yeye nimlaumu kwa lipi?

Tukabaki na vitumbua alivyoleta Mama Kadzo. Safari hii sikusoma kitu. Nilimuuliza mpishi mwenyewe: umetia nini, umekaangia nini, na hayo mafuta umeyatoa kwenye mkebe gani? Mchele, tui, sukari, iliki, hamira, na mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Tukachomeka mshumaa kwenye kitumbua. Zaituni akauzima, akakishika, akanitazama huku machozi hayajakauka.

"Mama, hiki umekisoma?"

"Nimeuliza, mwanangu. Kula."

Akala mpaka mafuta yakamchuruzika kidevuni, na ndizi yake hakuitafuta.

Ile picha ya mkebe bado iko kwenye grupu, na naona mnavyoichekelea. Haya, wewe unayecheka zaidi, nenda jikoni kwako ukafungue ule mkebe wa biskuti. Ukikuta biskuti ndani, rudi uendelee kucheka.