Mapacha wa Dalali Grisi

Dalali mzuri haangalii uso wa mteja, anaangalia viatu. Uso umefundishwa kudanganya tangu utotoni, kiatu hakijasoma. Ndiyo maana asubuhi ile, mama mmoja alipoingia kwenye yadi ya magari na viatu vilivyokula tope jekundu hadi kwenye kamba, Grisi aliweka chini kikombe cha chai na kumshukuru Mungu kwa moyo mweupe kabisa.

Waliomwita Grisi walikuwa na sababu. Akikuongelesha, hata usichotaka kinateleza chenyewe mfukoni.

"Karibu, mama yangu. Unaishi mlimani na unatafuta fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne."

"Umejuaje?"

"Kazi yangu ni kujua shida za watu."

"Na yangu ni hiyo hiyo," alisema mama. "Mimi ni mkunga. Zahanati yetu iko juu kule, na barabara ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha, gari la kawaida linaishia nusu ya njia, na mtoto hangoji barabara ikauke. Mwezi uliopita nimempokea mmoja kando ya mtaro, nimeshikiwa mwavuli. Akiba yangu yote ni gari moja, mwanangu. Nikikosea, sina la pili."

Grisi aliinamisha kichwa kwa huzuni. Ilikuwa huzuni nzuri sana, ya mtu aliyeifanyia mazoezi.

Sasa, Grisi alikuwa na gari la familia, la kijivu, lenye buti refu la kulaza godoro. Lilikuwa na ila moja tu: shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma ilikwisha kung'olewa na kuuzwa, na aliyeing'oa ni Grisi mwenyewe. Magurudumu yale ya nyuma yalifuata tu ya mbele, kama watu walioingia kwenye msafara wa maziko bila kujua nani kafa. Kwenye lami usingegundua. Kwenye tope ungegundua ukiwa umeshachelewa.

Na lilikuwepo la pili, pacha wake: kijivu kile kile, buti lile lile, mwaka ule ule, ila zima kama yai. Hilo lilikuwa la mama mkwe wake. Alikuwa ameliazima jana kwa maneno kwamba analipeleka kubadilishwa oili, na ameapa kulirudisha kabla ya saa kumi ya leo. Kiapo hicho hakikuwa cha mchezo. Mkewe aliwahi kuchukuliwa na kurudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, na mama mkwe alimwambia wazi kwamba safari ya pili haina tiketi ya kurudi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari la mama mkwe lilivalishwa vibao vya namba vya lile bovu. Mteja analijaribu, analipenda, anatia saini karatasi yenye namba ile. Halafu gari linapelekwa kuoshwa nyuma ya ukuta, ambako Povu, mwosha magari mwenye ndevu za mvi na dhamiri ya kukodi, anahamisha vibao. Linaloingia huko ni zima, linalotoka ni bovu.

Mkunga alilipandisha gari kwenye kilima cha tope nyuma ya yadi. Halikusita.

"Hili linapanda hata ukuta," alisema Grisi kutoka kiti cha pembeni. "Mafuta linanusa tu. Siku ya shida halikutupi, mama."

Yote yalikuwa kweli, na Grisi alijisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Wakatia saini. Povu akaja na ndoo.

"Linakwenda wapi?" aliuliza mkunga.

"Kuoshwa, mama. Mteja wetu haondoki na vumbi."

"Kuoshwa," alirudia mkunga, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. "Ngoja kwanza. Nimesahau miwani ndani."

Akaingia garini, akatoka, akaketi ofisini kunywa soda. Baada ya nusu saa gari la kijivu likaletwa mlangoni linang'aa. Mkunga akafungua mlango, akapapasa chini ya usukani, akaufunga.

"Siye huyu."

"Siye nani, mama?"

"Mwanangu, mimi nimepokea watoto miaka thelathini. Mtoto haendi kuoshwa kabla sijamfunga alama mguuni, kwa sababu akirudi kutoka kuoshwa, wote wanafanana. Nilibandika plasta chini ya usukani. Hapa hakuna plasta."

"Maji yameibandua."

"Plasta ya hospitali? Hiyo inatoka na ngozi."

Akazunguka ukuta, Grisi nyuma yake. Huko nyuma pacha wa pili alikuwa amesimama bila vibao, na Povu amesimama na bisibisi mkononi, akiitazama kama amepewa amshikie mtu. Mkunga akaingiza mkono chini ya usukani, akatabasamu.

"Mwanangu huyu hapa. Mbona hana namba?"

"Zilitolewa... zioshwe," alisema Grisi.

"Basi zirudishe. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Mama, tuvunje biashara. Chukua hela yako."

"Mtoto akishazaliwa harudi alikotoka. Au twende polisi wakatusaidie kuwatenganisha mapacha?"

Grisi akachukua bisibisi, akavifungua vibao kwenye lile bovu. Wateja wengine walikuwa wameanza kusogea. Alikaza skrubu nne kwenye gari la mama mkwe wake kwa uangalifu mkubwa, akamkabidhi mkunga funguo, na akapungiwa mkono vizuri sana.

Saa kumi kasoro robo, gari bovu liliingia uani kwa mama mkwe likiwa na vibao vya gari la mama mkwe. Mama mkwe alilitazama, akasema limetakata. Grisi alilala usingizi.

Siku ya nne ilinyesha mvua, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, akashikwa na uchungu.

"Washa gari, mkwe," alisema mama mkwe. "Twende zahanati ya mlimani. Kuna mkunga anasifiwa."

"Mama, pale hospitali ya mjini ni lami tupu..."

"Nimekuuliza?"

Nusu ya njia, magurudumu ya mbele yakachimba, ya nyuma yakatazama. Grisi akashuka kusukuma. Tope likampata kuanzia soksi hadi nyusi. Ndani shemeji analia, mama mkwe anaipigia simu zahanati. Mara gari la kijivu likateremka kutoka juu taratibu, likawachukua wanawake, likageuka, likapanda kama linapanda ngazi za nyumbani kwake. Grisi alipanda kwa miguu.

Alipofika mlangoni, mtoto wa kiume alikuwa ameshalia. Mama mkwe ameketi kwenye benchi na mkunga.

"Mungu akubariki, dada. Gari lako ni kama langu, ila langu siku hizi limekata tamaa. Ulinunua kwa nani?"

Mkunga alilitazama lile tope lenye macho lililosimama mlangoni.

"Kwa dalali mmoja wa mjini. Kila neno aliloniambia juu ya gari hili limekuwa kweli."

"Unasikia, mkwe?" alisema mama mkwe. "Nitamwomba dada anielekeze, mtu huyo anitafutie jingine kama hilo hilo. Wewe usishughulike. Wewe mambo ya magari huyajui."