Ngome ya Kavetsa

Jumatano, 9 Julai
Nimemshinda Mwalimu Rael! Sijui vipi. Ingekuwa furaha, lakini Lennox, mwenyekiti wa klabu yetu ya chesi, ametangaza kwamba Jumapili baada ya ibada nitaupitia mchezo huo mbele ya wote. Asiyeweza kueleza ufunguzi wake haendi mashindano ya Nakuru na timu. Chai imenipalia.

Ufunguzi wenyewe ni wa marehemu mke wangu, Kavetsa. Askari wa pembeni mbele, kisha ngome inatoka nyuma yake. Alisema haifai ngome ikae kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Sababu nyingine sina. Na nikitaja jina lake mbele ya watu, nitalia.

Ijumaa, 11 Julai
Mpango: kuumwa jino. Nimejifunga kitambaa shavuni, nikatuma ujumbe. Lennox amefika na binamu yake Jerop, daktari wa meno, na mkoba wake. Nimepona hapo hapo.

Jumapili, 13 Julai
Nilianza kwa kuangusha malkia. Nilipotoa ngome, Rael alisimama akaonyesha watu jinsi askofu wake angeila. Wazee wakaguna. Nikautafuta mlango kwa macho. Kisha akasema, "Lakini siku ile, Mzee Mabonga, ulikuwa umetulia sana. Nikajua ni mtego. Nikaogopa."

Lennox akauliza, mtego gani? Nikamkumbuka Kavetsa akipuliza chai yake kabla ya kuisogeza ngome. Nikainama, nikaanza kurudisha kete sandukuni.

Lennox akapiga makofi. Eti Mzee anawafichia watu wa Nakuru! Naenda! Mungu wangu, naenda.

Jumamosi, 19 Julai
Nakuru. Nimepangiwa mama mmoja aitwaye Ayoo. Hakuogopa kitu. Ameila ngome huku anatafuna njugu, akaniuliza kwa huruma kama iliteleza. Nimefungwa kabla njugu hazijaisha. Timu imekosa kombe kwa mchezo mmoja. Wangu. Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha hadi tulipofika Cheptiret.

Jumapili, 20 Julai
Lennox anataka maelezo Jumapili ijayo, la sivyo natolewa kwenye timu. Rael amejitolea kunifundisha ufunguzi wa watu wazima, ndivyo alivyouita. Nimemshukuru, nimekataa.

Kosa nimeshaliona. Ngome moja ilitosha kumtisha Rael, lakini yule Ayoo ana moyo mgumu. Safari ijayo natoa zote mbili.