Kipketer Arekebisha Kanuni za Magari

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimeshindwa tena. Mara ya sita mfululizo! Vita vyetu ni vya mezani: askari wa plastiki wa kimo cha kidole, dadu mbili, na tepu ya fundi wa nguo ya kupimia mwendo. Mimi nina kifaru. Nilikiagiza ng'ambo, kikakaa njiani miezi mitatu kabla ya kunifikia, nikakipaka rangi mwenyewe kwa brashi ya kucha. Mpinzani wangu Ogada ana pikapu tatu tu alizokata kutoka kwa mikebe. Zikakizunguka kifaru changu kama kuku kwenye mtama, zikakipiga kutoka nyuma. Kwisha.

Tatizo si mimi. Tatizo ni kanuni za magari. Ukurasa mmoja! Nimetangaza kwamba lazima zirekebishwe. Nasimiyu, ambaye ni mwenyekiti kwa sababu meza ni yake, amesema sawa, nilete, tutapiga kura. Wanachama ni watatu. Nahitaji kura moja tu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika nikiwa kazini, karatasi nimezificha chini ya faili. Kurasa kumi na moja. Utamu uko kwenye kifungu cha 4: gari lolote likikata kona kwenye mteremko, mwenyewe arushe dadu. Akipata moja, mbili au tatu, limepinduka. Pikapu za Ogada maisha yao ni kona. Kifaru changu hakikati kona. Hukaa juu ya kilima na kupiga. Sikutaja jina la mtu. Sheria safi kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Nimempelekea Nasimiyu viazi vya Dundori, nusu gunia, kutoka shambani kwa shangazi. Yeye hushona sare za shule, na meza yetu ya vita ni ile ile anayokatia vitambaa. Akashukuru. Kisha akaniambia kwamba Ogada alipita jana akamtengenezea cherehani bila kuombwa. Jana! Huyu mtu anafanya kampeni!

Nikaanza kumsomea. Akaendelea kushona kola. Nilipofika kifungu cha 4 akaniuliza kama najua kwamba tangu Ogada amzike mkewe mwezi wa Januari, yale masaa mawili ya Jumamosi ndiyo pekee anayokaa na watu. Nikamjibu kwamba inasikitisha sana, lakini haihusiani na kifungu cha 4. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani kura yake ninayo.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa. Ogada amesoma kurasa zote kumi na moja. Hakuna mtu aliyewahi kusoma kitu changu mpaka mwisho. Kwa dakika moja nilimpenda. Halafu akaanza kurekebisha. Nilisahau kwamba yeye ni mekanika.

"Boss, pikapu haipinduki hivyo," akasema. "Shida ni uzito. Simama kwenye mteremko wa Salgaa asubuhi moja uone vile malori yanakosa breki."

Akapendekeza kifungu kiseme gari zito. Likiwa juu ya kilima, dadu irushwe kila zamu. Ikitoka moja, breki zimekataa. Kura: wawili kwa mmoja. Kifungu changu mwenyewe!

Zamu ya pili, ikatoka moja. Kifaru kikateremka sentimita arobaini, kikapita juu ya askari wangu kumi na mmoja, kikaingia mtoni, yaani kwenye kipande cha bitana ya buluu. Ogada akacheka. Akacheka hadi akashikilia meza. Nasimiyu akasema hajamsikia akicheka hivyo tangu Januari.

Nami nikamwambia basi aende akachekee nyumbani kwake.

Ogada akazipanga pikapu zake kwenye mkebe wa biskuti, moja moja, akaaga kwa heshima, akaenda. Nasimiyu akakunja tepu. Akasema meza ina sare za kukatwa. Hata wiki ijayo.

Jumapili, 15 Juni

Mvua tangu asubuhi. Kanisani nilikaa nyuma kabisa. Ogada hakuja. Nimechemsha viazi, nikala peke yangu dirishani. Vilikuwa vingi kwa mtu mmoja. Nimelijua kosa langu. Si breki. Ni mdomo. Nimeamua kuomba radhi, na nimeiandika vizuri: vifungu vitatu, cha pili kina (a) hadi (d).

Jumatano, 18 Juni

Nimeenda gereji. Ogada alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nikaisomea miguu. Nilipofika 2(c), sauti ikauliza itakuwaje kama aliyekosewa hataki kusomewa. Nikakiri kwamba hilo sikuliandikia kifungu.

Nikakunja karatasi. Mwishowe nikasema, "Pole kwa mama watoto, Ogada. Sikuwahi kukwambia."

Miezi mitano, na kweli sikuwahi. Nilimpa mkono matangani, nikamuuliza kama Jumamosi tutacheza.

Baadaye mkono ukatoka, akaomba spana namba kumi na saba. Nikampa kumi na nne. Ikabidi atoke aichukue mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu. Akasema ni dizeli. Akasema ataongea na Nasimiyu, nije Jumamosi. Bila karatasi. Hata moja.

Jumamosi, 21 Juni

Tumecheza kwa kanuni za zamani. Nimeshindwa ndani ya dakika arobaini. Nasimiyu alipika chai. Ogada alicheka mara mbili, na mimi mara moja, bila kupanga. Tulipomaliza hakuna aliyeharakisha kuondoka. Ogada alimtaja mkewe, jinsi alivyokuwa akiziita pikapu zile takataka, na tukamsikiliza mpaka akamaliza. Nimetembea hadi nyumbani polepole, kifaru mfukoni. Kusema kweli ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu, na hatukuhitaji kifungu hata kimoja.

Hata hivyo, katika ule ukurasa mmoja hakuna neno lolote kuhusu ndege. Hili ni pengo. Na Ogada alikataza karatasi, hakukataza simu. Nimeshaandika kurasa nne. Kifungu cha 1: kila mchezaji anaruhusiwa ndege moja, mradi awe ameinunua kabla ya leo.

Yangu ilifika jana.